Shukrani kwa mama wa sokoni Matema

Shikamoo mama. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Mimi ni yule kijana wa Mbeya aliyekuja Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kutazama vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, kikapuni ana vigae vya sahani zake mwenyewe.

Natengeneza sahani za ukutani: nakandamiza jani la mparachichi au mpera kwenye udongo mbichi, mishipa yote inabaki, na nikishazichoma nasukia milulu (nyasi za kusukia vikapu) pembezoni. Mara tatu mfululizo zilinilipukia motoni. Nililaumu kuni, nikalaumu udongo, nusura nilaumu mwezi.

Wewe hukubishana. Ulichukua sahani moja niliyokuwa sijaichoma, ukaigusisha shavuni mwako, kisha shavuni mwangu. "Baridi hiyo ni maji. Haijakauka." Maji hayo yakipata moto hugeuka mvuke, na mvuke usipopata njia hupasua. Kumbe nje pakavu, ndani pabichi, hasa penye unene kando ya jani.

Sasa nasubiri wiki mbili, na kila sahani inapita shavuni kwanza (majirani wananicheka). Juzi nimetoa 14, zote nzima. Yenye jani la mpera nimekuwekea. Nikishuka tena nitakutafuta palepale. Asante sana, mama.