Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Tanga: watoto wakasome miamba hapa hapa nyumbani

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Barua za kiofisi huanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", lakini mimi ofisi nimeshaziaga. Ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, nimefundisha sekondari za mkoa huu, na sasa nina wajukuu humo humo madarasani. Niruhusu niingie kwenye jambo lenyewe, ambalo ni ziara za masomo.

Shule zetu zikipanga ziara, macho yanakwenda mbali. Mikumi, Ngorongoro, au Dar es Salaam kushangaa ndege. Mzazi anaambiwa alete hela ya basi na ya chakula. Mwenye nayo mwanawe anakwenda, asiye nayo mwanawe anabaki darasani kunakili mchoro wa mgodi uliochorwa ubaoni na mwalimu ambaye naye mgodi hajawahi kuuona. Mwalimu huyo simlaumu. Alisomeshwa hivyo hivyo.

Na huku nyumbani tumekalia mali. Mtu akipanda daladala Muheza kuja Tanga mjini, kwa safari ya saa moja hivi, anavuka kurasa kadhaa za historia ya dunia bila kujua. Kule nyuma, milima ya Usambara ni miamba geu iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukilitazama jiwe lake utaona michirizi myeupe na myeusi iliyopindapinda. Ukishuka unaingia kwenye miamba tabaka ya Karoo, ambayo ni mchanga na matope ya kale yaliyoshikana. Halafu unafika Pongwe na Kiomoni kwenye mawe ya chokaa yaliyojengeka baharini zama za Jurasiki, kama miaka milioni 150 iliyopita. Ukimalizia Raskazone, ufukweni mwa mji, unakanyaga matumbawe ya juzijuzi kwa hesabu za jiolojia, ndugu ya yale mawe waliyojengea msikiti na makaburi ya Tongoni. Ni mikoa mingapi inaweza kumwonyesha mtoto yote hayo kwa siku moja, na jioni akalala kwao?

Utaniambia shule zinakwenda kwenye mapango ya Amboni, pale Kiomoni. Ndiyo, zinakwenda, lakini kwa mtindo ule wetu wa waja leo waondoka leo. Watoto wanaingia pangoni na tochi, wanaonyeshwa jiwe lililofanana na mamba, wanasimuliwa mizimu na njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa, wanapiga picha, wanarudi. Hadithi nazipenda, na waongozaji wetu wanazijua kuzisimulia. Lakini utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba hayo ni mapango 10 yasiyoungana, na lililo refu kuliko yote lina kama mita 900. Kwa hiyo Mombasa hatufiki. Swali ambalo mwanafunzi anapaswa kutoka nalo pale ni jingine: kwa nini pango liwe Kiomoni, lisiwe Muheza?

Jibu linapatikana kwa ndimu moja. Siku za kazi nilikuwa nawaambia wanafunzi waokote vipande viwili vya mawe nje, si pangoni, kwa sababu la pangoni haliguswi. Kimoja cha chokaa, kimoja cha kutoka milimani. Wanakwaruza kila kimoja kwa msumari mpaka wapate unga kidogo, kisha wanakamulia ndimu. Unga wa chokaa unatoa povu, ukitega sikio karibu unausikia ukichachatika. Ule wa jiwe la mlimani unalowa tu. Hapo hata mtoto anayesinzia darasani anaelewa kwamba mvua hubeba hewa ya ukaa, ikawa asidi hafifu, ikaingia kwenye nyufa za chokaa na kuila polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka. Chokaa hiyo hiyo iliyoyeyuka ndiyo inayodondoka darini mwa pango na kuganda kuwa zile nguzo wanazopigia picha.

Kutoka pangoni kwenda machimboni ni hatua fupi, maana jiwe ni lile lile. Maji yalichimba taratibu, binadamu anachimba kwa baruti. Pongwe wamekuwa wakitengeneza saruji tangu mwaka 1980. Mawe yanavunjwa kwenye karasha, yanasagwa pamoja na udongo, yanachomwa kwenye tanuru la joto la nyuzi kama 1,450 mpaka yawe madonge magumu yaitwayo klinka, kisha klinka inasagwa na jasi kidogo. Jasi yenyewe inachimbwa Makanya kule Same, kwa hiyo hata somo la usafirishaji limo humo. Mtoto anayeishi nyumba ya tofali za saruji angefaa ajue ukuta wake ulitoka wapi.

Mkinga nako kuna bonde la Umba, linalojulikana duniani kwa vito vyake vya safaya na ganeti. Vijana wetu wanakwenda huko na sururu. Sheria inampa Mtanzania nafasi ya kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, lakini kijana asiyetambua jiwe aliloshika atauza kwa bei atakayotajiwa na broka.

Sasa kikwazo. Si hela peke yake, ni kibali. Kila mwalimu anajiandikia barua yake na kuipeleka langoni, na barua ikishapokelewa na mlinzi haijulikani imeishia wapi. Niliwahi kufika na wanafunzi kwenye machimbo fulani, sitayataja, tukaambiwa bosi hana taarifa zetu. Tukala mihogo yetu nje ya uzio, vumbi la malori likitupitia, tukageuza. Wenye machimbo nao wana hoja: pale kuna milipuko, kuna mitambo, na mtoto mmoja mtundu anatosha kuleta balaa.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ofisi yako ikikaa na Afisa Madini Mkazi na wenye machimbo mara moja tu kwa mwaka, ratiba inapatikana: shule fulani siku fulani, siku isiyo na ulipuaji, kofia ngumu na viakisi mwanga vya kuazimana, na mtu wa usalama wa kuongozana na watoto. Mwalimu atabakiwa na kazi ya kufundisha. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unadai mwanafunzi atende, sasa tumpe pa kutendea. Na tangu ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, Mei 2017, hakuna mzazi anayepandisha mwanawe basi la shule akiwa na amani kamili. Safari ya kilomita chache, mchana kweupe, inampunguzia hofu na gharama.

Naomba pia ratiba hiyo isiwafiche watoto upande wa pili. Waone shimo lililoachwa likijaa maji, wawaulize wanaoishi jirani kuhusu vumbi na nyufa za kuta, na wamuulize meneja atalifukiaje hilo shimo. Huenda asilifurahie swali, lakini ni lazima alijibu.

Karatasi ya maswali niliyokuwa natumia Amboni bado ninayo, ni ukurasa mmoja tu wa pande mbili. Nitaileta ofisini kwako wiki ijayo. Nikikukosa nitamwachia katibu muhtasi wako, na kama kuna shule itakayotaka kuanza, basi ndimu nitakuja nazo mwenyewe.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Tanga