Maandalio ya somo tupeane jamani, tusiuziane

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa gredi ya sita hapa Kisauni na hili jambo limenikaa rohoni. Juzi usiku nilituma shilingi mia mbili kwa simu ninunue maandalio ya somo ya Sayansi, manake kuandika yote kwa mkono na darasa la watoto sitini na kitu wajua mwenyewe. Faili ikaja kwa WhatsApp, kufungua ni PDF, jina la muuzaji limekatiza kila ukurasa, na kwenye wanyama wasio na uti wa mgongo mifano yote ni minyoo na konokono wa shamba la majani chai. Nikataka nitoe hao niweke pweza na kaa, haibadiliki! Nikaanza upya kwa kalamu mpaka saa saba usiku. Kesho yake kijana mmoja, babake ni mvuvi, akaja na kaa mzima ndani ya kopo la rangi, darasa zima likajaa pale mezani kuhesabu miguu, hata wale hawasemagi kitu walikuwa wanabishana.

Sasa mtaala ni mmoja Kenya nzima, usiku ule walimu wangapi walikuwa wanaandika andalio lile lile kila mtu kivyake? UNESCO wanazungumzia rasilimali huria za elimu, yaani vifaa vya kufundishia ambavyo mtu yeyote atumia na kubadilisha bure, tangu 2002, na 2019 nchi wanachama zikapitisha kabisa pendekezo. Leseni za Creative Commons zipo na ni bure, waandika tu mstari chini ya faili kwamba mtu anaweza kunakili na kubadilisha bora ataje jina lako, basi. Muhimu faili iwe ya kuharirika, ya Word ama LibreOffice ambayo hailipiwi. Shule isiyo na bando kuna Kolibri, programu ya bure ya masomo, inafanya kazi bila intaneti, ama hata flashi tu.

Wanaouza siwalaumu, mishahara yetu twaijua. Lakini walimu wakuu wakikubali tukutane siku moja tu kila muhula, kila mtu aje na andalio lake moja zuri, tutatoka na ya mwaka mzima.

Langu la pweza na kaa nishaliweka wazi, mwalimu wa Likoni ama Changamwe alibadilishe anavyotaka, na akipata picha nzuri ya ngisi anirudishie.

Mwalimu,
Kisauni, Mombasa