Shukrani kwa dada wa ndoo za barafu

Dada yangu, sikuwahi hata kukuuliza jina. Jumamosi ile hapa Dodoma umeme ulikatika saa kumi na moja jioni. Wageni wangu wa kuonja mvinyo walikuwa njiani, na chupa za Chenin Blanc, mvinyo mweupe, zilikuwa zimeshapata joto. Mvinyo mweupe ukipata joto unabaki ukali wa pombe tu, harufu ya tunda hutaisikia.

Ukaja na ndoo mbili za barafu, ukaongeza maji na chumvi. Ukaniambia barafu tupu bila maji inagusa chupa hapa na pale tu, bali maji yanaizunguka yote. Nusu saa haikuisha, chupa zinatoka jasho!

Kisha ukaonja mlenda wangu, ukasema usiliwe pamoja na ule mvinyo mwekundu wa zabibu za Makutupora. Mwekundu tukauweka kwa mbuzi wa kuchoma, mlenda ukapata mweupe wenye uchachu. Wageni wa Dar, waliokuwa hawajui kwamba huku tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, waliomba sahani ya pili.

Asante sana, dada. Ndoo zako ninazo, nimeziosha. Pitia uzichukue, na chupa yako nimekuwekea.