Kuhusu presentesheni za wanafunzi wako

Mambo rafiki yangu, meseji yako nimeisoma mara mbili. Yule kijana aliyesimama mbele machozi yakamtoka ikabidi akae, nakuomba usimlazimishe kurudi mbele wiki hii, ila pia usimwache moja kwa moja maana atajua amesamehewa kuongea maisha yake yote ya shule.

Mi nilikuwa na binti mmoja, mada yake mzunguko wa maji, ameshika karatasi mpaka imemziba uso, karatasi yenyewe inatetemeka, anasoma mbio mbio na sauti haifiki hata dawati la pili. Nikasubiri amalize sentensi nikamuuliza taratibu, hivi mdogo wako akitaka kujua mvua inatoka wapi utamwambiaje? Akanyamaza. Alafu karatasi ikashuka, mkono ukaanza kupanda juu kuonyesha mvuke unavyopaa, akaongea kama dakika nzima na wa nyuma kabisa wakamsikia. Pale ndo nikaona kosa ni letu, tunawaachia wasome karatasi alafu maksi tunataka kutoa za kuongea.

Sa hivi nawaanzisha wawili wawili, kila mtu anamweleza jirani yake dakika 2 tu, baadae wanaungana wanne, darasa zima ni wiki za mbele huko. Kikaratasi kiwe na maneno matano basi, sentensi siruhusu maana akiiona ataisoma tu. Slaidi nazo hivyo hivyo, ikijaa maandishi mtoto anageukia ukutani anatupa mgongo. Ila sentensi ya kwanza aijue kabisa kichwani, kwa sababu pale mwanzo ndo moyo unadunda na mdomo unakauka, akishavuka hapo mara nyingi anatulia. Na waambie kutetemeka ni adrenalini, ile homoni mwili unaitoa ukiwa na hofu, hata wazoefu inawapata.

Kumcheka mwenzio nakataza kabisa, hapo sina mjadala. Anayesikiliza naye nampa kazi, aandike swali moja analotaka kweli kujibiwa, na utashangaa kwenye maswali ndo wanachangamka kuliko kwenye maelezo yenyewe, si unajua hapo hakuna cha kukariri.

Huyo kijana wako muulize kitu gani anakijua vizuri kuliko wewe, akueleze wewe peke yako kwanza, hata mkiwa mnatembea. Akizoea mwongezee rafiki yake mmoja. Mkifika hapo niandikie, natamani sana kujua amechagua kuongelea nini.