Mjomba, ile kompyuta sijaiuza

Mjomba, shikamoo.

Juzi ulipopiga simu kumjulia hali mama, ulipokuwa unaaga uliniuliza, "Na ile kompyuta, ulishamuuzia mtu wa vyuma?" Nikababaika, nikasema tutazungumza. Leo nakujibu, na nakujibu mbele za watu, kwa sababu kila nikianza kukushukuru kwenye simu unageuza maneno na kuulizia watoto.

Sijaiuza. Iko palepale chini ya dirisha la kichochoroni, imefunikwa leso ya mama isiingie vumbi.

Uliponiletea mwaka 2012 sikuitaka, na nadhani ulinisoma usoni. Ilikuwa mtumba wa ofisini, nzito kama gunia la unga, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 na programu endeshi ya Windows 7, nami nilikuwa nimeshajiona mtu wa simu. Nikaitia stoo. Januari 2020 nikasikia Windows 7 imeachwa na walioitengeneza, haitapata marekebisho tena, nikaona basi, hiyo ndiyo ruhusa ya kuitoa. Mkokoteni wa vyuma chakavu ulipita mtaani mara mbili mwezi wa Februari. Mara zote mbili sikuwepo nyumbani.

Halafu ikaja Machi. Tarehe 13 tukatangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, tarehe 15 Rais Kenyatta akafunga shule, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi. Wewe uko Ukunda, Kwale, sisi Mji wa Kale, Mombasa. Safari ya feri na matatu, iliyokuwa si safari ya kuagiwa, ikawa haiwezekani. Tulipodhani tumeshazoea, tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, wakatufungia Mji wa Kale peke yake pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Vizuizi vikawekwa mitaani. Wakasema siku 15, zikaongezwa hadi Juni.

Baba watoto wakati huo alikuwa Malaba mpakani na lori, kwenye foleni ya madereva wanaosubiri kupimwa. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na simu moja, yangu. Mimi nafundisha kwa hiyo simu. Mwanangu mkubwa, Darasa la Nane, anasoma kwa hiyo simu. Mama anazungumza na dada zake kwa hiyo simu. Unakumbuka kioo chake kilivyokuwa kimepasuka? Ufa ulipita pembeni hadi katikati, na mtoto akawa anasoma jometri hapo. Siku moja akanionyesha daftari lake: pembetatu aliyoichora ilikuwa na mistari minne. Alidhani ule ufa ni sehemu ya mchoro. Nilikwenda jikoni nikalia, mjomba. Usiku ule ndipo nilipokupigia.

Kompyuta tuliishusha kutoka stoo mimi na mwanangu baada ya futari. Nikaiwasha, feni ikazunguka, skrini nyeusi, na mlio mrefu wa kujirudia. Ukaniambia nisogeze simu kwenye boksi usikie. Ukasikiliza kimya. Ukasema, "Rudia." Nikazima, nikawasha. Ukasema, "Haijafa. Inakwambia panapouma."

Ndipo ukanifundisha. Chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia hivyo hivyo, umeme uliobaki umalizike. Shika chuma cha boksi kwanza kabla ya kugusa kitu. Fungua ubavu. Hicho kibao chembamba kilichosimama wima, chenye vishikizo viwili vyeupe kwenye ncha, ndiyo RAM. Sukuma vishikizo nje, kitaruka chenyewe. Nikakishika kwenye mwanga wa tochi. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefubaa, kwa zile chumvi za hewa ya bahari zinazokula vyuma vyote huku. Ukasema, "Tafuta raba ya mtoto." Nikasugua polepole, upande huu na upande huu, hadi meno yakang'aa, nikapuliza, nikakirudisha mahali pake. Ulisisitiza nikandamize mpaka nisikie tak, ncha zote mbili. Tak. Tak. Nikawasha. Ikalia mara moja tu, kifupi, na maandishi yakatokea. Mwanangu alipiga kelele hadi jirani wa ng'ambo akafungua dirisha kuuliza kuna nini.

Siku ya pili nikaunganisha intaneti ya simu kwa waya, na kila tovuti ikakataa. Kila niliyofungua, onyo: muunganisho huu si salama. Nikadhani ni virusi. Wewe hukuuliza habari za virusi. Uliuliza, "Kona ya chini kulia, saa yasemaje?" Ilikuwa inasema tarehe 1 Januari 2007. Ukanieleza kwamba kila tovuti ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini tuko 2007 ikiona cheti cha 2020 inakikataa, inaona ni cha siku ambayo haijafika. Nikarekebisha saa, kila kitu kikafunguka. Lakini stima ilipokatika tu, ikarudi 2007. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032, na duka la kuiuza lilikuwa upande wa pili wa kizuizi.

Mama ndiye aliyekwenda jikoni akaleta mizani yake ya kupimia unga, akaipindua, akafungua kifuniko kwa ncha ya kisu. CR2032. Alinipa bila kusema neno, na mizani ile anaipenda.

Hayo ndiyo uliyoyafanya, ukiwa Ukunda, kwa sauti tu. Hukuniambia hata mara moja kwamba ungekuwepo ungefanya wewe kwa dakika tano. Nimefundisha miaka mingi, na kuna siku nyingi nimemnyang'anya mtoto kalamu nikamalizia mwenyewe. Sijafanya hivyo tena tangu Mei ile.

Kompyuta ilitufanyia kazi. Asubuhi ilikuwa ya mtoto. Usiku wakilala ilikuwa yangu: niliandika masomo ya Kiswahili, nikayabana faili ziwe nyepesi, nikawatumia wazazi kwa WhatsApp. Uliniasa nisiingize siri ya benki humo kwa kuwa Windows ile haina mlinzi, na sikuingiza. Shule ilikuwa imeacha kutulipa tangu Aprili. Ile miezi M-Pesa ya hadi shilingi 1,000 ilipotumwa bila ada, wewe ulikuwa unatuma 200, 300, unaandika "ya bando". Nilijua pensheni yako ni kiasi gani.

Lakini sitaki mtu asome barua hii akadhani tulishinda. Darasa langu lilikuwa na watoto 38. Niliowafikia kwa faili ni 15. Wengine wazazi wao walikuwa na kabambe, simu ndogo za vitufe, nikawapigia na kuwasomea ufahamu kwa simu, mtoto akijibu huku mama yake akiniuliza kama ni kweli shule zitafunguliwa Juni. Kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni, na kwa mwenye navyo vilisaidia. Mwezi wa Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, Magoha, akasema mwaka wa masomo umepotea, watoto watarudi Januari. Darasa la Nane, Kidato cha Nne na Gredi ya Nne wakarudi mapema, Oktoba tarehe 12. Januari nilipoita orodha, wasichana wawili hawakuitika. Bado nawauliza watu wa mitaa yao.

Mwanangu alifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Machi 2021. Matokeo unayajua, ulikuwa wa kwanza kupigiwa.

Na kuna jambo moja sijawahi kukusimulia. Asubuhi ya Idi, misikiti imefungwa, hakuna watoto wenye nguo mpya vichochoroni, mama alikaa kitandani hataki kutoka. Nikawasha kompyuta, nikachomeka zile spika zako mbili za kijivu, nikafungua takbira, nikazielekeza dirishani. Jirani wa ng'ambo akafungua lake. Kisha wa juu. Kisha nikasikia wazee wa kona wanaitikia, hawaonekani, sauti tu, hadi nyumba ya mwisho. Mama akatoka chumbani, amevaa buibui, akaketi karibu na dirisha akaitikia nao.

Mizani yake hadi leo haina betri, anapima unga kwa kikombe. Ukivuka Jumamosi, nunua CR2032 mbili kabla ya kuingia: moja yake, na moja ya kompyuta, maana wiki iliyopita imeanza tena kuniambia tuko 2007.