Mwezi ukiwa mkubwa, mpango wa watoto wangu unavunjika

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kike ana miaka mitano, yuko darasa la awali. Wa kiume ana mitatu. Tunaishi Igombe, hapa Mwanza, na mume wangu anavua dagaa, kambi yao iko visiwani Ukerewe. Kwa asiyeujua uvuvi huu, dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowakusanya. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawaifuati taa tena, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo baba watoto hukaa kambini karibu wiki tatu, halafu tunaye nyumbani siku saba au nane za mbalamwezi.

Siku za giza tuna utaratibu wetu. Magharibi wanaoga, saa moja tunakula, kisha natandika mkeka na kuzima redio. Nikisema "Hadithi, hadithi", wanaitikia "Hadithi njoo!" Ni zile za Sungura na Fisi nilizosimuliwa na bibi kule Magu tukila michembe na karanga. Mdogo huwa amelala kabla Fisi hajaumbuka. Utaratibu huu nimeujenga kwa miezi mingi, naupenda.

Baba yao akiingia, basi. Wanakesha naye hadi saa nne, biskuti zinachukua nafasi ya ugali, wanasinzia mikononi mwake katuni zikiendelea kwenye simu. Asubuhi binti haamshiki kwenda shule. Simlaumu mume wangu. Mtu ametoka majini wiki tatu, mwanawe anamng'ang'ania shingoni, atamwambiaje akalale? Mama mkwe naye ananiambia niwaache wamshibe baba yao. Ila akishaondoka, mdogo anagoma kulala, na mkubwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu mwaka jana. Na huondoka alfajiri wakiwa usingizini, ili wasilie. Wakiamka wanamtafuta hadi uvunguni.

Miezi miwili iliyopita nilifunga mafundo 20 kwenye kamba ya nyavu, kila jioni wanafungua moja kuhesabu siku za baba kurudi. Walifurahi mno, wakawa wanagombea zamu. Fundo la mwisho likafunguka, baba hakuja. Injini ya mtumbwi ilikuwa imeharibika, akafika siku ya tatu. Jioni zote hizo binti yangu alikaa kizingitini na kamba tupu mkononi, akaniuliza, "Mama, nilikosea kuhesabu?" Dada, swali hilo halijanitoka. Kamba nimeificha juu ya kabati.

Juzi, bila kuambiwa na mtu, alitazama juu akasema, "Mama, mwezi umenenepa, baba anakaribia." Nikapata wazo. Tuna mawe makubwa nyuma ya nyumba, ziwa linaonekana vizuri. Natamani jioni ya kwanza ya baba iwe ya pale: tuchome sato, wakeshe watakavyo, hadithi asimulie yeye. Kisha jioni zinazofuata turudi kwenye mkeka, naye akiwepo. Nimemwambia kwa simu, amekubali, anasema hata yeye baba yake alikuwa akiwakusanya motoni.

Lakini naogopa. Je, mtoto wa miaka mitatu anaweza kuelewa kwamba leo ni ruhusa na kesho si ruhusa, au nishike saa zilezile mwezi mzima, baba awepo asiwepo? Nikiifunga furaha yao kwenye mwezi, upepo ukichafuka na baba akachelewa, sitakuwa nimerudia kosa la kamba? Na kuaga je, awaamshe awaage hata wakilia? Mimi moyo wangu unasema awaamshe, yeye anasema hataweza kupanda mtumbwi akisikia kilio chao.

Anarudi wiki ijayo.

Mama wa wawili, Igombe