Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Kiti cha Kulia Kwenda cha Kushoto

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na orodha ya wanachama iko kwa katibu, kwa hiyo sitagusa huko. Mwaka huu Kamati Tendaji ilishughulikia jambo moja: kwa nini marubani wasaidizi, wa kiti cha kulia, wenye saa za kuruka za kutosha wanakwama kabla ya kuwa makapteni wa ndege binafsi, wa kiti cha kushoto.

Katika mashirika makubwa ya ndege kuna orodha ya ukongwe. Mtu anahesabu majina yaliyo mbele yake na kukadiria zamu yake. Kwetu, kwenye ndege binafsi, hakuna foleni. Kiti cha kushoto hufunguka pale kapteni anapoondoka au mwenye ndege anaponunua nyingine. Hata kustaafu hakusaidii sana, kwa sababu kikomo cha miaka 65 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kimewekwa kwa usafiri wa kibiashara wa kimataifa, na safari ya mwenye ndege mwenyewe haimo humo. Ndege ikiuzwa, kazi nayo huondoka. Nafasi inapokuja huja ghafla, na humwangukia yule ambaye karatasi zake zimekamilika siku hiyo.

Karatasi zenyewe hupita mikono mitatu: mamlaka ya usafiri wa anga, kampuni ya bima na mkuu wa marubani. Wengi wetu huushughulikia wa kwanza tu.

Kwa upande wa mamlaka, Kiambatisho cha 1 cha ICAO kinataka saa 1500 kwa leseni ya juu ya rubani wa usafiri wa ndege, na hiyo ndiyo namba kila mtu anaikariri. Mtego uko ndani yake. Zinatakiwa saa 250 za ukapteni, angalau 70 zikiwa za ukapteni kamili na zilizobaki za ukapteni chini ya usimamizi, yaani msaidizi akifanya kazi ya kapteni huku kapteni akimsimamia. Au saa 500 za ukapteni chini ya usimamizi. Zinatakiwa pia saa 200 za safari za kutoka kiwanja hadi kiwanja, 100 kati yake ukiwa kapteni au kapteni chini ya usimamizi, saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, ambapo za mazoezi ya ardhini zisizidi 30, na saa 100 za usiku. Saa za simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, zinazohesabiwa katika jumla hazizidi 100. Marekani, kwa leseni kamili, hutaka umri wa miaka 23 pale ICAO inaporidhika na 21, na Ulaya hutaka saa 500 ziwe za uendeshaji wa marubani wawili.

Anayekwama mara nyingi hajapungukiwa na jumla. Ana saa 2500, karibu zote za kiti cha kulia, na za ukapteni chini ya usimamizi hazina saini. Saa hizo hazihesabiwi kwa sababu tu uliendesha ndege. Utaratibu wake lazima ukubaliwe na mamlaka iliyotoa leseni, kapteni msimamizi awe ameteuliwa kabla ya safari, na athibitishe kwa saini kwamba maamuzi yalikuwa yako na hakulazimika kuingilia. Rubani anayefuata saini hizo miaka mitatu baadaye hukuta kapteni ameshahama na kumbukumbu za ndege zimekwenda na mnunuzi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa za rubani nazo ni mali.

Kosa la pili liko kwenye kibali cha aina ya ndege, yaani ruhusa ya kuendesha aina fulani ya ndege. Marekani hutoa kibali chenye mipaka ya rubani msaidizi, ambacho ni rahisi na cha bei nafuu kukipata. Hakimfanyi mtu kapteni wa aina hiyo hata akiirusha miaka kumi. Ni lazima arudi kwenye mtihani kamili. Kama mwajiri anakupeleka simuleta kwa mara ya kwanza, omba ufanye mtihani kamili palepale. Tofauti ya gharama ni ndogo kuliko ya kurudia kozi nzima. Na kabla ya kusaini mkataba wa kufanya kazi kwa muda fulani kufidia kozi hiyo, soma kinachotokea ndege ikiuzwa katikati ya muda. Kama mkataba umenyamaza hapo, usisaini.

Bima ndiyo inayoshangaza watu. Mkataba wa bima ya ndege huwa na kifungu cha marubani: ama umetaja majina, ama umeweka viwango vya saa za jumla, za jeti, za aina husika, na mafunzo ya simuleta ndani ya miezi 12. Mtu anaweza kuwa na leseni safi kabisa, na siku anapokaa kushoto ndege ikawa haina bima. Sheria za Marekani zinaruhusu safari isiyo ya malipo iongozwe na mwenye leseni ya chini, mradi ana kibali cha aina na amefanya ukaguzi wa ukapteni ndani ya miezi 12, lakini bima mara nyingi hutaka zaidi. Jina la mtarajiwa lipelekwe kwa wakala wa bima kabla ya kulipia kozi, si baada. Bima ikikataa, uliza kwa maandishi ni saa ngapi za kuruka na kapteni mlezi zitatosha. Mara nyingi jibu huwa namba inayofikika, ila hakuna aliyewahi kuuliza.

Mkono wa tatu, wa mkuu wa marubani, hauna kipimo kilichoandikwa, na Kamati ya Mafunzo iliutumia muda wake mwingi hapo. Ilirudia kusoma ripoti za uchunguzi wa ajali za Marekani. Tarehe 10 Novemba 2015 jeti ya Hawker ilianguka Akron ikitua, na watu 9 wakafa. Aliyekuwa akiendesha ni rubani msaidizi. Kapteni aliona kasi inashuka, akaonya, lakini hakuchukua usukani. Tarehe 15 Mei 2017 Learjet 35A ilianguka karibu na Teterboro. Kampuni haikuwa imemruhusu rubani msaidizi yule kuendesha. Kapteni alimwachia, akawa anamwelekeza kwa maneno, wala hawakupeana maelezo ya kutua kabla. Wote wawili walikufa.

Hayo ni makosa ya ukapteni, si ya mikono. Mtarajiwa hufundishwa kuruka vizuri, kisha siku moja anapewa kazi ya kumtazama mwenzake akiruka vibaya. Kwa hiyo katika simuleta mwalimu acheze rubani msaidizi anayekosea, na kinachopimwa kiwe lini mtarajiwa anachukua usukani na kusema "nimechukua". Vigezo vya kutua kwa utulivu viwe ndiyo mpaka: futi 1000 kutoka ardhini kama huoni nje, futi 500 kama unaona. Chini ya hapo hakuna ushauri tena. Ni kukatisha kutua na kupaa.

Lakini cheo chenyewe hakileti nidhamu. Gulfstream IV iliyoteketea Bedford, Massachusetts, tarehe 31 Mei 2014 ilikuwa na marubani wawili wazoefu waliozoeana kwa miaka. Walianza kukimbia kwenye njia ya kurukia kufuli la usukani likiwa bado limefungwa. Kumbukumbu za ndege zilionyesha kuwa katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi kamili wa usukani ulifanywa mara 2 tu. Walikufa watu 7. Ukiwa msaidizi wa kapteni anayeruka bila orodha ya ukaguzi, unajifunza ukapteni huohuo.

Kuhusu kiti chenyewe, maelezo ni mafupi. Katika jeti nyingi usukani mdogo wa gurudumu la mbele uko kushoto pekee, kwa hiyo kapteni mpya hukosea kwanza ardhini: anakata kona mapema kwa sababu gurudumu liko nyuma yake. Mikono hubadilishana kazi, na wa kulia hukaa kwenye vishikio vya nguvu za injini mpaka V1, kasi ambayo baada yake kupaa hakukatishwi tena. Afanye safari kadhaa tupu, bila abiria, kabla ya kukabidhiwa mwenye ndege.

Tena kuna maamuzi ambayo kwetu hayana ofisi ya kuyabeba. Nchini Marekani jeti ya kukodi hupangwa, kwa kanuni ya kawaida, itue ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia ya kutua, na marubani wawili hawapangiwi zaidi ya saa 10 za kuruka ndani ya saa 24. Safari binafsi haina hata kimoja kati ya hivyo. Anayeamua kwamba njia ni fupi au kwamba siku imetosha ni kapteni, huku mwenye ndege amekaa mita tatu nyuma yake. Mipaka hiyo iandikwe kwenye mwongozo wa uendeshaji na mwenye ndege aisaini siku hakuna safari. Kapteni mpya akisema hapana, awe na karatasi ya kumwonyesha.

Kamati inaleta hoja moja kwa kura. Chama kipitishe fomu ya ukapteni chini ya usimamizi ya ukurasa mmoja: tarehe, aina na usajili wa ndege, viwanja, muda, jina na namba ya leseni ya msimamizi aliyeteuliwa, maamuzi matatu yaliyofanywa na mtarajiwa, na kama msimamizi aliingilia. Isainiwe siku hiyohiyo, nakala moja ibaki kwa mwanachama na nyingine itunzwe na katibu, ili mauzo ya ndege yasiondoke nayo. Fomu haichukui nafasi ya utaratibu wa mamlaka ya mwanachama. Ni kumbukumbu ya kuuthibitisha.

Mwenye marekebisho ayalete kwa katibu kwa maandishi kabla ya kura.

Mwenyekiti